Mnaofunga huku mnachoma insulini, tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Nina kisukari aina ya kwanza, mwaka wa 11 sasa. Mfungo wangu wa kwanza baada ya kuanza sindano uliishia wodini, na si kwa sukari kushuka. Ilipanda. Nilijiambia, nashinda bila kula, insulini ya nini? Nikaacha zote, ya chakula (ya haraka, ya kila mlo) na ya muda mrefu (inayofanya kazi mchana na usiku). Siku ya pili jioni natapika, nahema kama niliyekimbia, pumzi inanuka tunda lililoiva mno. Ketoni, yaani tindikali zinazotokea mwili ukichoma mafuta kwa kukosa insulini, zilikuwa zimejaa mwilini.

Daktari akanieleza jambo ambalo sijalisahau: wewe umefunga, ini lako halijafunga. Linamwaga sukari kwenye damu usiku na mchana, na ile insulini ya muda mrefu ndiyo inayolizuia lisizidishe. Usipokula unaruka sindano ya chakula. Ya muda mrefu hupunguzwa, haiachwi.

Siku hizi naenda kliniki wiki 6 kabla. Safari iliyopita nilipunguziwa kutoka uniti 20 hadi 16, nachoma wakati wa kufuturu. Hiyo ni hesabu ya mwili wangu, tafadhali msiinakili. Nyie mnafanyaje?

Mchangiaji wa kwanza: Mimi natumia insulini ya mchanganyiko, ya haraka na ya muda mrefu kwenye sindano moja, mara mbili kwa siku. Nilichoma dozi yangu nzima ya asubuhi wakati wa daku, nikashinda na njaa. Saa tisa alasiri mikono inatetemeka, jasho linanitoka, nimeshika simu lakini maandishi hayasomeki. Kipimo cha sukari: 2.9 mmol/L. Na bado nikabishana, eti zimebaki saa tatu tu! Mke wangu akanishikisha glasi ya maji ya sukari, akasimama hapo hadi nikaimaliza. Baadaye daktari aligeuza mpangilio: dozi kubwa ikaenda kwenye futari, ya daku ikapunguzwa sana.

Mwanzisha mada: Pole sana ndugu yangu, na mshukuru shemeji. Ikiwa chini ya 3.9, fungua hapo hapo, hata zikiwa zimebaki dakika kumi. Ikipita 16.6 pia fungua. Iliyoshuka ipe gramu 15 za sukari, kisha pima tena baada ya dakika 15.

Mchangiaji wa pili: Miaka miwili sikuwa napima mchana, nikiamini kutoboa kidole kunabatilisha saumu. Nilipomuuliza shehe wetu akasema tone la damu la kupimia halifunguzi. Miaka miwili nimekwenda gizani kwa kukosa kuuliza swali moja! Sasa napima asubuhi, adhuhuri, alasiri, na saa mbili baada ya futari, maana hapo ndipo yangu hupaa.

Mchangiaji wa tatu: Mimi nimekatazwa kabisa. Figo zimeanza kuchoka, na sukari ikishuka siku hizi sipati dalili, si jasho wala kutetemeka. Najua mgonjwa ameruhusiwa kula, nimeisoma aya yenyewe, ila siku ile nilitoka kwa daktari nikalia. Nyumbani nakula peke yangu jikoni, mlango nimeurudisha, kama mwizi. Dada zangu na kaka zangu mliokatazwa, mwaka wenu wa kwanza mliupitaje?