Jukwaa gani linafaa kwa tovuti ya maswali na majibu ya jumuiya?

Swali
Wenzangu, tunakusudia kuanzisha tovuti ambamo wanajumuiya watauliza maswali ya kitaalamu, majibu yapigiwe kura, na jibu bora lionekane juu. Tunao watu wawili wa kujitolea wanaoifahamu PHP (lugha ya kuandikia programu za tovuti), ingawa hawana uzoefu mkubwa wa kusimamia seva. Je, tukodi huduma iliyo tayari, au tusakinishe programu huria kwenye seva yetu?

Jibu la 1
Kwa ujuzi mlio nao, ningeanza na Question2Answer, programu huria ya tovuti za maswali na majibu. Inatumia PHP na MySQL (mfumo wa hifadhidata), hivyo haihitaji seva ya peke yake, na kura, pointi pamoja na uteuzi wa jibu bora vimo ndani yake tangu mwanzo. Washeni uthibitisho wa baruapepe kabla ya kufungua usajili, kwa maana barua taka hufika mapema kuliko wachangiaji.

Jibu la 2
Naafiki, ila kabla ya programu ningependa mjiulize maswali na majibu hayo yatakuwa mikononi mwa nani siku huduma itakapofungwa. Tovuti ya maswali na majibu ya Yahoo Answers ilipofungwa mwezi Mei 2021, watumiaji walipewa hadi tarehe 30 Juni kuomba data zao, lakini kila mmoja aliweza kuchukua yale aliyoyaandika yeye tu. Aliyeuliza hakupata majibu aliyopewa na wengine, na kwa tovuti ya namna hii hasara hiyo ni kubwa mno. Kwa hiyo, hata mkikodi, tumieni kikoa (jina la anwani ya tovuti) chenu wenyewe na msikubali huduma isiyowaruhusu kutoa hifadhidata nzima. Amueni pia leseni ya maandishi mapema, kama Stack Overflow, tovuti ya maswali ya waandishi wa programu, inavyotumia Creative Commons (leseni inayoruhusu wengine kutumia maandishi kwa masharti), kwa sababu kuibadilisha baadaye kutahitaji ridhaa ya waliokwisha kuchangia.

Jibu la 3
Programu huria ya Discourse nayo ni nzuri, lakini imejengwa kwa ajili ya mijadala, na majibu yake kwa kawaida hufuatana kwa wakati, si kwa kura. Apache Answer, programu huria ya maswali na majibu, iko karibu zaidi na haja yenu.

Muulizaji
Nashukuru sana. Tumeelekea Question2Answer kwenye kikoa chetu. Je, nakala rudufu ya hifadhidata pekee inatosha?

Jibu la 2
Picha nazo huwekwa ndani ya hifadhidata msipobadilisha mpangilio, lakini hifadhini pia faili la mipangilio na programu-jalizi (nyongeza mlizosakinisha). Kisha rejesheni nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine, mfungue maswali kadhaa yenye picha, mhakikishe yote yamo.