Mtawanyo wa makosa usio sawa: logi, uzito, au HC3?

safu180: Wakuu, nina modeli ya matumizi ya kaya kwa kipato, kaya 180. Mabaki (tofauti kati ya matumizi halisi na yale modeli inayokisia) yamebanana kipato kikiwa kidogo, kisha yanatanuka kadiri kinavyopanda. Kipimo cha Breusch-Pagan, kinachochunguza kama mtawanyo wa makosa ni sawa, kinatoa p ya 0.003. Nichukue logi ya matumizi, nitumie rigresheni yenye uzito, au nibaki na OLS (rigresheni ya kawaida ya miraba midogo kabisa) na kubadilisha makosa sanifu tu?

Bi_Takwimu: Koefisienti zako ziko salama, ndugu. Mtawanyo usio sawa hauifanyi OLS ielemee upande. Kinachoharibika ni makosa sanifu, na t, p na mipaka ya uhakika vinaharibika nayo. Kama unataka kujua kipato kinaongeza matumizi kwa kiasi gani, baki na OLS na uweke HC3, yaani makosa sanifu imara yanayostahimili mtawanyo usio sawa. Fomula ya White ya 1980, ile HC0, hutoa makosa sanifu madogo mno sampuli ikiwa ndogo. Long na Ervin (2000) walipendekeza HC3 kwa sampuli zisizozidi 250, nawe umo humo.

mstari_mnyoofu: Dada yuko sahihi kwa koefisienti, ila HC3 haiokoi utabiri. Ukitabiri matumizi ya kaya moja moja, OLS inazipa zote mtawanyo uleule: mipaka inakuwa mipana mno kwa maskini na myembamba mno kwa matajiri. Hapo uzito hauepukiki. Kama mtawanyo unakua kwa mraba wa kipato, kila kaya ipewe uzito wa 1 gawanya kwa mraba wa kipato chake. Na kama huna hakika na uzito wako, weka HC3 juu yake. Hakuna anayekukataza kutumia vyote viwili.

Mwl_Mabaki: Mbona mnakimbilia dawa? Mkunjo uliosahaulika kwenye modeli nao hukifanya kipimo kipige kelele. Ongeza mraba wa kipato, chora mabaki upya, kisha upime tena kwa toleo la Koenker la 1981, maana lile la awali la Breusch na Pagan la 1979 hutegemea makosa yafuate mgawanyo wa kawaida.

safu180: Nimeongeza mraba, mwalimu. Bado yanatanuka, p ya Koenker 0.01. Na logi?

Mwl_Mabaki: Basi tatizo ni la kweli. Logi ni nzuri pale athari yenyewe ni ya asilimia, lakini inabadilisha swali. Ukirudi kutoka kwenye logi hadi matumizi yenyewe kwa kipeo cha e tu, wastani unatoka mdogo kuliko wa kweli. Marekebisho ya Duan (1983) yanasaidia, ila nayo yanataka mtawanyo uwe sawa kwenye logi. Na kaya yenye matumizi sifuri utaipeleka wapi?

safu180: Ninachotafuta ni koefisienti, kwa hiyo nachukua HC3. Nina modeli nyingine ya logiti (ya matokeo ya ndiyo au hapana), niiwekee vilevile?

Bi_Takwimu: Hapana! Kwenye logiti mtawanyo usio sawa unaharibu koefisienti zenyewe. Makosa sanifu imara yatakupa mipaka mizuri kuzunguka namba isiyo sahihi. Fungua uzi mpya, tuijadili peke yake.