Vumawimbi: wageni waje na kurudi, au tuwawekee vitanda?

Mtoto wa Makangale (mwanzisha mada)

Assalaam alaykum. Naomba tulijadili hili bila matusi, na mwenye siasa za vyama aziweke mfukoni kidogo.

Kwa asiyepajua: Vumawimbi ni ufukwe wetu wa Makangale, kaskazini ya mwisho ya Pemba, upande wa mashariki wa Ras Kigomasha. Kutoka Konde unaingia msitu wa Ngezi, mivule imefunga juu mpaka adhuhuri unadhani kunakuja mvua, kisha njia inakutema mchangani. Mchanga mweupe, kilomita mbili hivi, na siku nyingi utakaowakuta ni wavuvi wa dago (kambi yao ya muda) na vyombo vyao tu. Mgeni akifika hukaa saa mbili tatu, anaoga, anapiga picha, anaondoka.

Maneno ya hoteli pale si ya leo wala jana. Yanalala, yanaamka. Sasa kila mtu anazungumza uchumi wa buluu na visiwa vidogo kukodishwa wawekezaji, basi na sisi tuseme mapema kabla hatujaambiwa kuwa tulishirikishwa.

Rai yangu: wageni waje. Waje hata hamsini kwa siku, walipe langoni Ngezi, wapite na kijana wetu wa kuwaongoza awaoneshe popo na mpapindi (mti wa jamii ya minazi), waogelee, wale pweza. Jua likizama warudi Konde, Wete au Chake, walale huko na pesa zibaki huko. Pale mchangani pasijengwe hata banda la juisi.

Si kwamba nachukia hoteli. Kitanda kikishawekwa, ukuta unafuata, na mwenye kitanda anapata haki ya kukuuliza unapita kwenda wapi. Leo dago likipigwa Vumawimbi hakuna wa kuuliza.

Msiniambie haiwezekani. Kisiwa cha Misali kipo, magharibi ya Pemba yetu hii hii. Miaka ya 1990 ilitaka kukodishwa kwa mwekezaji wa hoteli, wavuvi wakakataa, na mwaka 1998 ikatangazwa hifadhi. Sehemu moja haivuliwi kabisa, kwengine watu wanavua, mgeni anakuja na kurudi. Na baruti zilipoanza kuua miamba, masheikh walisema msikitini kuwa kuharibu bahari ni kuharibu amana, wavuvi wakawasikia kuliko walivyozisikia amri za serikali. Wazee wanasema jina lenyewe linatokana na msala, yaani mkeka wa kusalia, wa Nabii Khidhri. Nani atajenga baa juu ya msala?

Nahodha wa Nungwi

Kaka, nakuunga mkono kwa mikono miwili na miguu.

Mimi nimezaliwa Nungwi, kaskazini ya Unguja. Babu yangu alikuwa fundi wa vyombo, akiunda pale pale ufukweni, mbao zimeanikwa, sisi watoto tunaokota vipande vya kuchezea. Leo ukitaka kuvuta ngalawa juu wakati wa bamvua inabidi utafute upenyo baina ya viti vya kuanikia jua. Mwaka juzi mlinzi wa hoteli moja (jina nalihifadhi) aliniambia nizunguke nyuma na nyavu zangu kwa sababu zinanuka. Nyavu zinanuka! Zinuke nini, uwaridi?

Mtu atasema sheria ipo, ufukwe ni wa watu wote. Ipo kweli. Lakini alfajiri saa kumi na moja, wakati wewe unashuka pwani, anayekusubiri mchangani ni mlinzi na kirungu chake.

Na kisiwa cha Mnemba je? Kiko mbele ya macho yetu, mwenyeji hatii mguu. Tunapeleka wageni wazamie pembeni, boti zimepandana kama daladala za Darajani, na kisiwani wanalala wachache waliolipa fedha ambayo mimi sijawahi kuihesabu.

Mkulima wa Mwani

Na mie niseme, maana naona wanaume mnapokezana kipaza sauti.

Wewe mwanangu uliyeanzisha, unakaa Makangale kweli au ni jina tu? Mie nipo huku. Mwani mwingi wa Zanzibar unatoka Pemba, na tunaoingia majini ni sisi wanawake. Maji yakipata joto unapukutika wote, unarudi na kamba tupu na kiuno kinachouma. Ukisalimika, bei anayo mnunuzi.

Binti yangu yuko Unguja, anatandika vitanda hivyo hivyo mnavyovikataa. Namuona Idi mpaka Idi. Kama kitanda kingekuwa Vumawimbi, angelala kwangu. Sasa mnaposema wageni walale Wete, pesa za Wete zitanifikiaje mie? Muuza pweza atauza, sawa, na muongozaji wa msituni atapata chake. Wanawake mmewatia wapi katika hesabu hiyo?

Na la nguo nilisemee mie, maana mnalizunguka. Tatizo la mgeni kuvaa chupi kijijini halikuletwa na hoteli. Hata huyo wa saa mbili tatu anashuka Konde na mapaja nje. Hapo mwambieni langoni, ajifunge kanga, nazo kanga tutamuuzia. Hiyo ndiyo biashara niliyoiona mie katika maneno yenu yote.

Mpita Njia, Dar

Wakuu, heshima kwenu. Mimi wa bara, nasoma tu, ila nina mfano.

Thailand kuna ghuba inaitwa Maya Bay, imezungukwa na majabali, hakuna mtu anayelala pale. Filamu moja ikaifanya maarufu, watu wakafika hadi 5,000 kwa siku, wote wa kuja na kurudi. Nanga na boti zikaumiza matumbawe mpaka serikali ikaifunga Juni 2018. Walipoifungua Januari 2022 boti zilikatazwa kuingia ndani ya ghuba, idadi ikawekewa kikomo, na papa wadogo walikuwa wamesharudi.

Kwa hiyo hoja ya "waje na kurudi" peke yake haitoshi. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 700,000. Wakielekea huko hata sehemu ndogo tu, hamsini zako zitakuwa mia tano kabla hujamaliza chai. Nani atasimama langoni kusema leo basi?

Mtoto wa Makangale

Mpita Njia, hiyo ya kikomo naichukua, nilisema hamsini bila kufikiri ataihesabu nani.

Bibi, shikamoo. Nipo Makangale, lakini sikatai, nimesema kama mwanamme. Ila nikuulize kwa adabu: kule upande wa magharibi wa Kigomasha kuna chumba kimezamishwa mita nne chini ya maji tangu 2013, mtu analipa alale akitazamwa na samaki. Miaka yote hiyo, jirani zako wangapi wametandika kitanda kile?

Mkulima wa Mwani

Marahaba. Mimi sijui, na wewe hujui. Basi usilifanye swali kuwa jawabu.

Mzaliwa wa Wete, Muscat

Niingie kwa dogo. Mimi kwenu ni mgeni au mwenyeji? Nilikuja kaskazi iliyopita na watoto wanne, Kiswahili chao cha kubabaisha. Vumawimbi waliipenda mpaka mdogo akalia kuondoka. Mimi pia sitaki ukuta pale, roho yangu iko na mwanzisha mada.

Lakini ndugu zangu, choo kiko wapi? Mmejadili msala wa Khidhri, mmejadili Thailand, hakuna aliyetaja choo. Watu hamsini, saa tatu, maji ya madafu. Mke wangu aliingia msituni na akatoka mbio akidai kaona nyoka. Ikiwa hapajengwi kitu, mnataka wote waende wapi?

Nahodha wa Nungwi

Hahaha. Nungwi ilianza hivyo hivyo. Kwanza choo, pembeni ya choo duka la maji, pembeni ya duka jenereta.

Mtoto wa Makangale

Choo kijengwe langoni Ngezi, si ufukweni. Kila anayepita anapita pale.

Mzaliwa wa Wete, Muscat

Kutoka langoni hadi mchangani ni mwendo wa gari, sheikh wangu. Mtoto wa miaka mitano humwambii subiri.

Mkulima wa Mwani

Kijengeni nyuma ya minazi, cha makuti, na kiwe cha kulipia. Ufunguo nipeni mie na wenzangu wa kikundi. Nimeshawauliza wawili, wamekubali, wa tatu anataka kujua maji ya kusafishia yatatoka wapi.