Ndege wa Rubeho kapewa jina la mlima wake, ndege wa Uluguru kaachwa na "Mrs Moreau". Hivi kwanini?

Wakuu habari zenu. Hili jambo nimelibeba muda mrefu leo acha niliseme. Mimi natembeza wageni wanaokuja kuangalia ndege hapa Morogoro, milima ya Uluguru ndiyo ofisi yangu. Kule juu msituni kuna ndege mdogo, kichwa na kifua rangi ya tofali la kuchoma, mgongo kijani cha kufifia, anakaa kwenye vichaka vilivyosokotana chini kabisa, unachutama kwenye tope unabana pumzi na bado unaambulia kuona majani yanatikisika tu. Wakiimba mmoja anaanza mwingine anadakia, ukisikia mara ya kwanza utaapa ni ndege mmoja. Kwa Kiingereza anaitwa "Mrs Moreau's Warbler", vitabu vingine "Winifred's Warbler".

Zamani ndege hawa wa milima ya Uluguru, Ukaguru na Rubeho wote walihesabiwa ndege mmoja. Mwaka 2009 watafiti Bowie, Fjeldså na Mtanzania mwenzetu Jacob Kiure wakaonyesha kwa DNA kwamba wa Rubeho na Ukaguru ni wengine kabisa, wakamtenga akapewa jina lake la kisayansi, Scepomycter rubehoensis. Kazi kubwa, nawavulia kofia. Kiingereza chake kikawa "Rubeho Warbler". Sawa, ingawa Wakaguru nao wana haki ya kuuliza mbona mlima wao haumo.

Sasa wa kwetu je? Kaachwa na jina lilelile lililokuwa la wote wawili! Ndege mmoja kagawanywa wakawa wawili, halafu mmoja wao kabaki na jina la jumla, mtu atajuaje unamsema yupi? Ukifungua kitabu cha kabla ya 2009 ukakuta "Mrs Moreau's Warbler, Ukaguru" huyo siyo wa Uluguru, ila jina linakwambia ndiye.

Na haya siyo mambo ya karatasi tu. Mwaka jana kampuni moja iliniletea mgeni, mzee wa watu anapenda ndege balaa, ratiba ilikuwa siku mbili kupandia Morning Side kwenda kilele cha Bondwa, hukuhuku Uluguru. Siku moja kabla napigiwa simu naambiwa Bondwa imefutwa, mgeni ameangalia daftari lake la ndege aliowahi kuwaona, ameona huyo ndege alishampata Ukaguru miaka mingi iliyopita. Nikawaeleza jamani yule aliyemuona siku hizi ni Rubeho Warbler, huyu wa huku hajawahi kumuona hata siku moja, wakanijibu jina ni hilohilo kwenye list yake acha kulazimisha. Nilipoteza siku mbili za kazi, kijana wa kubeba mizigo naye akarudi kijijini mikono mitupu, na yule mzee karudi kwao bila kumuona ndege aliyemfuata mbali kote huko. Iliniuma sana, inaniuma hadi leo.

Halafu jina lenyewe. Moreau alikuwa mtafiti pale Amani, Usambara, enzi za Mwingereza, akamuandika huyu ndege 1938 na kumpa jina la mkewe Winifred. Sina ugomvi na huyo mama. Jina lake limo kwenye jina la kisayansi, Scepomycter winifredae, na pale hakuna anayelitoa. Lakini kwa Kiingereza hata jina lake mwenyewe wamemnyima, anaitwa mke wa fulani! Na huyo fulani ana ndege wake tayari, chozi (ndege mdogo anayefyonza maua) anayeitwa "Moreau's Sunbird".

Hapa Uluguru tuna chozi ambaye hapatikani kwingine popote duniani, naye kapewa jina la mtu, anaitwa "Loveridge's Sunbird". Miongoni mwa waliobahatika kupata jina la mlima ni "Uluguru Bushshrike". Mzee mmoja kijijini, ambaye shamba lake la ndizi linapakana na msitu na ndiye anayetuonyesha njia, aliniuliza huyo Mrs Moreau ni ukoo wa wapi. Nilimuelezea, akanyamaza, akasema "basi ndege siyo wetu." Huyu ndiye tunayemwambia asikate miti.

Msiniambie majina ya Kiingereza hayabadiliki. Novemba 2023 American Ornithological Society, chama cha wataalamu wa ndege cha Marekani, kilitangaza kitabadilisha majina ya Kiingereza ya ndege walioitwa kwa majina ya watu, kikianza na wa Marekani na Kanada. Tena ni utaratibu unaojulikana kabisa, spishi ikigawanywa bora pande zote mbili zipewe majina mapya ili watu wasichanganyikiwe. Kwetu nani alikaa akalifikiria hili? Nani aliuliza hata guide mmoja wa Morogoro?

Jina ni "Uluguru Warbler", halihitaji kamati ya miaka kumi. Kwenye list ninayowapa wageni wangu nimeshaanza kuliandika hivyo, na chini yake naweka la kisayansi ili asipotee mtu. Wadau mlioko karibu na hao wanaotunza orodha za majina ya ndege wa dunia, wapelekeeni. Na maguide wa Kilosa na Mpwapwa njooni hapa mseme, nyie wageni wenu wanawauliza nini?