Naomba ushauri: viatu vya kuteleza kwenye barafu, nipande navyo ndegeni au niviweke kwenye sanduku?

Habari zenu wadau, niko Minneapolis na mwezi wa 12 tunaenda Nairobi mimi na binti yangu wa miaka 11, tunaunganisha ndege Amsterdam. Huyu mtoto anateleza kwenye barafu tangu ana miaka 6 na ameshawaahidi binamu zake atawaonyesha pale kwenye uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, Mombasa Road, kwa hiyo viatu lazima viende. Sasa huku TSA (wakaguzi wa usalama wa viwanja vya ndege vya Marekani) wanaruhusu kupanda navyo, ingawa ofisa wa pale kwenye ukaguzi ndo mwenye neno la mwisho, kinachoninyima usingizi ni kurudi, pale JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, wakiona vile vyuma kwenye skrini si watasema ni visu? Kwenye sanduku naogopa maana safari moja begi letu lilichelewa siku nne, na hivi vimeshashika umbo la mguu wake, ngozi imelainika pale kwenye kifundo, vipya vinamtoa malengelenge wiki nzima jamani. Nimenunua kava ngumu za plastiki za kufunika vyuma na nitavikausha vizuri visishike kutu. Aliyewahi kupita JKIA navyo mkononi tafadhali aniambie ilikuwaje.