Msaada wakuu: boksi la nje linaingia maji na pampu inapiga shoti, hizi glendi (vibanio vya kebo inapoingia kwenye boksi) na ethi (njia ya usalama ya umeme kwenda ardhini) zinafungwaje?

mkulima_tukuyu
Habari za muda huu wakuu. Naombeni ushauri maana usingizi umekata. Niko Tukuyu, nina parachichi kidogo na kitalu cha miche ndani ya nailoni, nikavuta umeme kutoka nyumbani mpaka kwenye pampu kule bondeni, kama mita 90 hivi. Fundi alilaza kebo ya ardhini, ile yenye nyaya za chuma, kori (nyaya za ndani za kupitisha umeme) mbili za milimita 10 za mraba, njiani kuna nguzo ina boksi la plastiki la kuungia halafu kebo nyingine inashuka kwa pampu. Mwaka wa kwanza sikuona shida. Mvua za mwezi wa kumi na moja zimeanza tu, breka inaanguka mara kwa mara, na wiki iliyopita dogo anayenisaidia kashika bomba la pampu akiwa peku, akarushwa. Mzima yupo, lakini mkono ulimtetemeka mpaka jioni na mimi ndiye niliyemtuma.

Jana nikazima meinswichi nikafungua boksi. Ndani maji kama nusu kikombe, nati za brasi zimeota unga wa kijani, kebo zote mbili zimeingilia kwa juu. Fundi alisema ethi inapita kwenye zile nyaya za chuma, ila mimi sioni waya wowote unaotoka glendi moja kwenda nyingine. Ni sawa kweli?

FundiUyole
Pole sana kaka, na mpe pole dogo. Kwanza usiwashe tena hiyo laini, zima, na breka yake fungia au bandika karatasi mtu asije akawasha kwa nia njema.

Jibu la swali lako, sio sawa. Kebo yako ni kori mbili, maana yake fesi na nyutro basi, ethi ni zile nyaya za chuma peke yake. Zile nyaya zinabanwa na glendi, glendi ni chuma, ingekuwa imekaa kwenye boksi la chuma ingeshikana na mwenzake kupitia boksi lenyewe. Lako ni plastiki. Plastiki haipitishi kitu, kwa hiyo ethi ya nyumbani inaishia glendi ya kwanza, na kutoka pale mpaka kwenye pampu chuma chote kinaelea bila ethi. Pampu ikivujisha umeme kidogo, mwili wake wote unakuwa na umeme unasubiri mtu.

kijana_wa_ilomba
Mkuu usihangaike, piga ethi rodi (nondo ya ethi inayochomekwa ardhini) palepale kwenye pampu umemaliza, mimi nimefanya hivyo kwa mzee na iko poa

dada_sakiti
Kijana hapo naomba tuelewane maana mtu anaweza kufa. Rodi moja kwenye udongo wa kawaida unaweza kupata ukinzani wa omu 50, wakati mwingine zaidi. Volti 230 gawa kwa 50 unapata ampia 4.6. Breka ya ampia 20 haitastuka hata kidogo, itaona kama umewasha pasi ndogo, na pampu itabaki na umeme siku nzima. Rodi ya ziada sio mbaya, lakini sio mbadala wa kuunganisha ethi.

Na hata ukiunganisha vizuri, kama ethi yako ya nyumbani nayo ni rodi tu, bado unahitaji RCD (swichi inayokata yenyewe umeme ukivuja) ya miliampia 30 kwa laini ya pampu. Ila RCD bila ethi inasubiri mtu aguse ndiyo ikate. Ukiwa na ethi inakata umeme ukianza tu kuvuja, kabla dogo hajafika pale. Vyote viwili, kaka.

kijana_wa_ilomba
Daah hiyo hesabu sikuwahi kuipiga. Kesho naenda kwa mzee

FundiUyole
Sasa glendi zenyewe. Kuna za ndani na kuna za nje, kwa macho zinafanana na dukani Mwanjelwa usipotaja atakupa ya bei rahisi. Ya ndani inaitwa BW, inabana nyaya tu, haina mpira wa kubana ganda la nje. Ya nje omba CW, au E1W ambayo ina mipira miwili, mmoja ganda la nje na mmoja ganda la ndani. Kwa mvua za Rungwe mimi nisingefikiria mara mbili, E1W. Ule mfuko wa plastiki mweusi unaokuja na glendi hauzuii maji, wengi wanadanganyika hapo.

Kufunga: ingiza mfuko na nati ya nyuma kwenye kebo KABLA ya kitu chochote, usipofanya hivyo utafungua kazi yote upya. Vua ganda la nje, kwenye nyaya za chuma piga hakso nusu tu ya unene kisha zikunje kunje zitakatika zenyewe, usizame mpaka ganda la ndani. Koni ya glendi inaingia CHINI ya nyaya, nyaya zinaizunguka zote kama mwavuli, kisha unabana. Nimefungua glendi nyingi nikakuta nyaya nne tano ndiyo zimeshikwa, nyingine zimekatwa ili kazi iishe haraka. Hizo nne ndizo zitabeba shoti yote.

Halafu banjo, ile pete ya brasi yenye sikio. Nje ya boksi weka pete ya washa ya kuzuia maji, ndani weka banjo kisha nati, bana kwa spana. Kwenye sikio funga bolti na waya wa kijani-njano wenye lagi (kichwa cha chuma chenye tundu la bolti), peleka kwenye banjo ya pili. Kebo ziingilie CHINI ya boksi, ziachie mkunjo maji yadondokee chini.

Mzee_Mafinga
Kamwene vijana. Mwenye boksi la chuma naye asijiamini, rangi ya boksi inazuia umeme. Kwangua mpaka chuma king'ae, na banjo weka vilevile.

mkulima_tukuyu
Shikamoo mzee. Asanteni, dada na fundi mmenifungua macho. Nikishafunga nitajuaje kama ethi imefika?

dada_sakiti
Umeme ukiwa umezimwa na umehakikisha kwa testa, weka maltimita kwenye omu, ncha moja kwenye mwili wa pampu nyingine kwenye ethi ya meinswichi kwa waya mrefu, toa omu za huo waya. Iwe chini ya omu moja kwa urefu wako. Na tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA akusainie, usifanye mwenyewe.

mkulima_tukuyu
MREJESHO: Fundi mwenye leseni kaja jana. Kabla ya kufungua, mita ilionyesha njia imekatika kabisa, pampu na ethi ya nyumbani hazijuani. Glendi ya upande wa pampu ilikuwa na nyaya tatu tu. Ameweka E1W mbili, banjo mbili, boksi tumeligeuza kebo ziingie chini, RCD ipo. Kipimo sasa omu 0.8. Usiku mvua imenyesha mpaka alfajiri, asubuhi nimefungua boksi nikapitisha kidole ndani, pakavu. Dogo leo kavaa buti mwenyewe bila kuambiwa. Ndaga fijo.