Kazi ya kuanza wanataka uzoefu wa miaka miwili, sisi EMT wapya (wahudumu wa dharura wa ambulensi) hapa Kenya tuutoe wapi??

Wakuu samahani uzi ni mrefu ila nimejaa mpaka hapa shingoni, nisipoandika nitapasuka.

Leo asubuhi rafiki yangu tuliyesoma naye kanirushia tangazo kwa WhatsApp, kampuni ya ambulensi inatafuta EMT wa ngazi ya kuanza. Wameandika wenyewe hivyo, ngazi ya kuanza. Nikafungua mbio mbio, kushuka chini naona uzoefu usiopungua miaka 2 kwenye ambulensi, kadi ya BLS (ya kuokoa maisha ngazi ya msingi), kadi ya ACLS (ya ngazi ya juu), laiseni ya kuendesha gari, cheti cha tabia njema, karatasi ya KRA ya kodi, karatasi ya HELB ya mkopo wa masomo. Mshahara hawajaandika. Sasa jamani mtu aliyekaa barabarani miaka miwili anaanza nini tena? Anayeanza ni mimi! Na hiyo ACLS ni ya watu wa kusoma ECG (mchoro wa mapigo ya moyo) na kuchoma dawa za moyo, EMT wa chini kama mimi hizo dawa hata sizigusi, hivyo aliyeandika lile tangazo hajui anatafuta nani, kakopi tu kutoka mahali.

Nilimaliza kozi mwaka jana. Ada elfu themanini na tano, chama cha mama ndicho kilichomkopesha na mpaka leo kila Jumapili ya chama analipa. Nikafanya atachimenti (mafunzo ya vitendo) miezi mitatu bila hata nauli, ninaosha damu kwenye gari, nakagua vifaa kila asubuhi, nabeba wagonjwa ngazi ghorofa ya nne lifti imekufa, kitabu changu kimejaa sahihi kurasa zote. Nikienda kwenye intavyuu nakitoa naambiwa "atachimenti hatuihesabu". Sasa kama kubeba mgonjwa si uzoefu, uzoefu ni kitu gani?

Intavyuu zenyewe nimeitwa mbili tu kati ya maombi thelathini na kitu. Ya kwanza wakaniuliza kama nimeolewa na kama mume atakubali zamu za usiku. Ya pili mzee mmoja akaniangalia juu mpaka chini akaniuliza, "Wewe binti utaweza kuinua stretcha kweli?" Hakuna aliyeniuliza nifanye nini nikikuta mtu amezimia hapumui. Hata mmoja! Nilikuwa nimekesha nasoma.

Halafu kuna hii ya kujitolea. Kampuni moja ilinikubali, nikafurahi nikampigia mama, kumbe ni kujitolea miezi sita, hakuna mshahara, yunifomu ujinunulie, buti ujinunulie, nauli yako mwenyewe, na zamu ni masaa 12. Nikauliza baada ya miezi sita mnaniajiri? Jibu, tutaangalia. Nikaja kujua kwa walionitangulia kwamba sita ikiisha wanaletwa wengine wapya. Yaani gari linakimbia mjini, mgonjwa analipishwa maelfu, na aliye nyuma na mgonjwa hajalipwa hata ya chai. Nilikataa na kuna ndugu wananilaumu mpaka leo kwamba nachagua kazi.

Sasa niwaambie kitu ambacho ndicho kinaniuma zaidi ya hayo yote.

Mwezi wa tatu nilikuwa kwenye matatu natoka Voi, kabla ya Taru tukakuta bodaboda imegongwa na Probox. Kijana yuko chini, damu kichwani, na watu wameshamshika mikono na miguu wanamtupa nyuma ya pikapu. Nikaruka nikapiga kelele wamuache. Nikamshika kichwa shingo isicheze, nikamsikia anakoroma ile ya damu kooni, nikamwinua taya bila kukunja shingo, nikawaonyesha vijana wawili tumgeuze upande pamoja, mwili wote kwa mara moja, damu ikatoka akaanza kuvuta pumzi vizuri. Tukakaa hivyo kwenye lami lile jua la saa nane karibu dakika hamsini, nimepiga magoti, siwezi kuachilia, mikono imekufa ganzi.

Ambulensi ikaja. Dereva peke yake. Hakuna mwingine ndani! Nikaomba kola ya shingo hakuna, mtungi wa oksijeni upo lakini mshale uko sifuri, mashine ya kunyonya damu haina betri. Dereva mwenyewe maskini hana kosa, aliniambia tu dada panda tafadhali mimi siwezi kuendesha na kumwangalia. Nikapanda. Nilitumia leso yangu na kanga ya mama mmoja wa matatu kumzuia kichwa pande mbili. Kijana alifika hospitali akipumua, nikatoa ripoti kwa nesi vile tulivyofundishwa, amegongwa saa ngapi, fahamu ikoje, mapigo ngapi, nimefanya nini, akaniuliza, "Wewe ni wa ambulensi gani?" Nikakosa la kusema.

Wiki ile ile nikapeleka sivii kwa wenye lile gari. Hilo hilo gari, wakuu! Nikawaeleza. Yule wa ofisini akaniambia asante sana kwa moyo wako, lakini sera yetu ni miaka miwili.

Kumbe sera yao inaruhusu gari litoke bila mtu yeyote nyuma, ila haiwezi kuruhusu mimi niwe nyuma.

Na msiniambie kazi hazipo kwa sababu hakuna haja. NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, wanatangaza vifo zaidi ya 4,000 barabarani kila mwaka. Katiba ya 2010 ibara ya 43 inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 kifungu cha 7 inasema wazi kwamba huduma ya kabla ya kufika hospitali ni sehemu ya hayo matibabu. Sasa hiyo huduma inatolewa na nani? Dereva? Nafasi za afya za kaunti ninazoziona ni nesi, klinikoo (clinical officer), maabara, dereva, EMT simuoni. Mgonjwa akipewa rufaa usiku anatolewa nesi wodini apande gari, akina mama wa kujifungua wanabaki na nesi mmoja au na hakuna. Hao manesi wenyewe wamechoka, waulizeni.

Kuna waliosema nenda Ghuba. Nimefuatilia mpaka Saudia na Qatar, wanalipa vizuri sina ubishi, lakini nako unahakikiwa vyeti na kampuni ya DataFlow, unafanya mtihani, na unaulizwa barua ya mwajiri ya miaka miwili. Barua hiyo inatoka nyumbani. Tumerudi pale pale.

Kwa hiyo naomba hivi. Kama uko kwenye hii kazi, niambie wewe ULIINGIAJE, kwa kweli kabisa, ulimjua mtu? ulilipa? ulijitolea mpaka lini? Na kama wewe ndiye unayeajiri, nieleze kwa nini usichukue EMT mpya mmoja umpange na mzoefu mmoja gari moja, miezi mitatu chini ya jicho lake kwa mshahara mdogo lakini mshahara, ukaona kama hafai umtoe. Sitaki kupewa bure, nijaribuni. Nipeni mtungi nikague, nipeni mgonjwa mnione.

Wanaotaka kuniambia nifungue duka la mitumba nawaomba mpite tu, uzi huu si wa hayo.

Kadi yangu ya BLS inadumu miaka miwili tangu kuitoa, ni hiyo hiyo miaka miwili wanayoitaka wao ya uzoefu. Imebaki miezi saba iishe. Kuifanya upya ni pesa ambayo sina na mama siwezi kumrudia, na nimepiga hesabu, itakwisha sijaitumia kazini hata siku moja isipokuwa ile siku ya Taru.